Kuku wa Bibi Wanatuishia

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na uipokee mara mbili, maana ile ya kwenye simu ilikatika kabla hujaiitikia. Hujambo? Goti lako linasemaje, lile linalotabiri mvua kuliko redio? Na mzee wako, bado anapiga miluzi akinyoa ndevu? Mwambie nilimkumbuka juzi nilipomsikia fundi baiskeli akipiga mluzi ule ule, tena bila kupatia.

Sisi huku miili ni mizima. Mama kikohozi kimemwachia, amerudi kutugombeza kwa sauti kamili. Mimi nashona sare za shule tangu asubuhi, vidole vimeota sugu, na mguu wa kulia unakanyaga cherehani hata nikiwa mezani nakula. Kazi ipo, hilo namshukuru Mungu.

Ningependa niendelee na salamu mpaka karatasi iishe, Shangazi, kwa sababu habari yenyewe mkono unasita kuiandika. Lakini maji yamenifika shingoni. Kuku wa Bibi wanatuishia.

Nawasema wale wale, wekundu wa kuungua, wenye kishungi kichwani na miguu ya rangi ya majivu, ambao mama yenu aliwalea mpaka anafumba macho. Baba alibaki na wa hapa nyumbani, nawe ulikuwa umeshakwenda kwa mumeo na jogoo mmoja na matetea wawili kapuni. Nje ya mabanda yenu mawili sijapata kuwaona popote, na mimi si mtu wa kupita uani kwa watu bila kuchungulia kuku wao.

Leo tumebaki na matetea watano, na jogoo mmoja ambaye kumwita jogoo ni kumpa cheo cha bure. Tunamwita Kamanda. Vidole vya mguu wake wa kushoto vimejikunja ndani. Akiwika anakatisha katikati kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, na akimpanda tetea anaanguka ubavu. Zamani ningecheka. Siku hizi nageuza uso, kwa sababu Baba naye huwa anatazama.

Kanuni za kuchagua unazijua, mlifundishwa pamoja. Jogoo haingizwi kazini mpaka avuke mvua na kiangazi. Anamwagiwa nafaka mbele ya matetea. Akila kwanza yeye, huyo ni wa sufuria, na akiwaita wenzake, huyo anabaki. Hiyo ni ya Bibi na siipingi. Ila Baba aliongeza zake. Jogoo arithiwe na mwanawe, damu ya nje isikanyage kizingiti. Na kuku yeyote mwenye unyoya wa rangi nyingine, hata mmoja, hata uliojificha, achinjwe. Basi mwana akawapanda dada zake, na mjukuu akawapanda shangazi zake. Nisamehe, nasema kuku.

Kulikuwa na tetea niliyempa jina la Mvi. Alikuwa na unyoya mmoja mweupe chini ya bawa, mimi tu niliyeujua. Shangazi, yule alikuwa mama! Kila yai aliloatamia lilitoa kifaranga, na paka wa jirani alimfukuza mpaka barabarani, mtaa mzima ukasimama kutazama. Siku Baba anawapaka dawa ya utitiri akamfunua bawa. Nilimsihi. Mama akamsihi. Akasema kuku wa mama yake hawana mvi, akamchinja mwenyewe, na wanawe wote akawapeleka sokoni ingawa hawakuwa na doa hata moja. Nyama ile sikuigusa.

Ndipo tulipomchinja aliyekuwa akitubeba. Tangu hapo vifaranga wanafia ndani ya mayai, wengine wakiwa wameshatoboa ganda na mdomo umechungulia nje. Wanaotoka wana midomo iliyopishana kama mkasi uliolegea msumari, hawawezi kudonoa. Baba huwasagia chakula laini, huwafungulia mdomo kwa kidole kimoja na kuwalisha kwa kingine, mtu yule yule ambaye sisi wanawe hajapata kutulisha uji. Wanakufa vilevile. Anawazika nyuma ya banda na kusawazisha udongo kwa kiatu, kisha anaingia ndani na kuuliza kama chai ipo.

Nilimwita bwana mifugo bila ruhusa. Alimshika Kamanda, akampindua, akauliza baba yake ni nani. Baba akamtajia. Akamtajia na babu, na baba wa babu, kwa fahari zote, na kila alipotaja mmoja uso wa bwana mifugo ulizidi kushuka. Mwishowe akasema, “Mzee, hawa hawaumwi. Hawa ni ndugu mno.” Baba akamwonyesha mlango wa uani, na chai aliyokwisha kumiminiwa ikabaki mezani.

Fundi baiskeli akajitolea jogoo wake, dume refu jeusi, zuri kweli. Baba alikataa kwa maneno ambayo sitayaandika. Nilimkasirikia, lakini baada ya hasira kushuka niliona kwamba hapo hakukosea. Tungepata vifaranga wenye nguvu, tena wengi, na wasingekuwa kuku wa Bibi. Baada ya vizazi viwili vitatu tungekuwa na kuku kama wa kila mtu, na kishungi tungebaki kusimuliana.

Sasa nisikilize. Tetea wa mwisho mwenye hamu ya kuatamia yuko kwenye kiota chini ya meza yangu ya kukatia nguo, anapenda mlio wa cherehani. Baba alimwekea mayai kwa mkono wake. Juzi alipokwenda kunyolewa nilijifungia stoo, nikajifunika shuka na kuyamulika kwa tochi, moja moja. Hakuna kitu, Shangazi. Mwanga unapita kama kwenye glasi ya maji. Maskini tetea wa watu ameacha kula, kidari kimebaki mfupa, na anachokikalia si kitu. Niliyarudisha yote chini yake. Sikumwambia Baba. Kila asubuhi anainama kumwekea maji na kuniambia yanaendelea vizuri, nami naitikia ndiyo, na mguu unakanyaga cherehani isiyo na uzi.

Si kuku tu. Wangekuwa kuku tu nisingekusumbua. Baba ameacha kwenda kuketi na wenzake. Anashinda bandani juu ya ndoo iliyogeuzwa, sahani yake inarudi jikoni karibu kama ilivyotoka. Alimwambia Mama kwamba kuku hawa wakiisha waya wa banda uuzwe, na yeye tusihangaike naye. Mama alimjibu kwamba hata yeye atauzwa pamoja na waya, wakacheka wawili, kisha Mama akaja chumbani kwangu akalia. Ninaogopa. Sijawahi kuogopa hivi, na sina mwingine wa kumwambia.

Ninajua alichokutamkia Baba siku ya mazishi ya Bibi. Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Ulimweleza wazi, bila kufichaficha, kwamba jogoo wa jirani aliruka ua wako na baadhi ya vifaranga wakatoka na ncha nyeupe. Naye akasema mbele za watu kwamba umemchafua mama yenu hata udongo haujakauka. Lilikuwa neno baya na hukustahili. Mwenye kovu usidhani kapoa. Wala sikuandikii ili nikuambie upoe.

Nakuandikia kwa sababu nimefikiri mpaka kichwa kimeuma. Kuku wako na wetu ni wa tumbo moja, wametengana tangu mimi nanyonya. Ni ndugu, lakini ndugu wa mbali. Duniani hakuna jogoo mwingine anayeweza kuwa wa Bibi na wakati huo huo akawa damu mpya kwetu. Huyo, kama yupo, yuko uani kwako.

Sijui kama yupo, maana tangu siku ile habari za kuku hatujapata kuzigusa. Wengine waliniambia uliwachinja machotara wote kwa uchungu ukabaki na safi. Wengine wakasema uliwaacha wachanganyike, na wengine kwamba uliacha kufuga kabisa. Kama una majogoo, naomba wawili, maana safari ni ndefu na mmoja anaweza asifike. Usinichagulie mkubwa wala mwenye kung'aa. Nichagulie aliyetotolewa na kulelewa na mama yake mwenyewe, mwenye kuwaita wenzake kwenye chakula. Akiwa na ncha nyeupe, mlete na ncha zake. Waweke kwenye kapu la mfuniko na gunia bichi chini, wasife kwa joto. Mimi nimeshasugua kizimba cha zamani, watakaa peke yao kwanza tuwaangalie wasije na ugonjwa wa mdondo.

Hapa niliiacha kalamu, kwa sababu Baba aliingia.

Hakuja kwa ajili yangu, alikuja kumwekea tetea maji. Akaona “Mpendwa Shangazi” juu ya karatasi. Nilifunika kwa kitambaa cha sare, nimechelewa. Akaketi kwenye stuli ya wateja, kofia mkononi, na mimi nikasubiri nitukanwe.

Akasema, “Yale mayai ni maji matupu. Nimeyamulika tangu wiki iliyopita.”

Nikamuuliza kwa nini basi kila siku ananiambia yanaendelea vizuri. Akasema hakutaka kunivunja moyo, kwa jinsi ninavyompenda yule tetea. Tukatazamana, Shangazi, waongo wawili ndani ya chumba kimoja, na tetea katikati yetu. Kisha akainama, akamwinua taratibu, na mimi nikayatoa mayai kiotani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia ndoo. Alipofika mlangoni akasimama, amenipa mgongo, akasema, “Muulize kama wake bado wanaangua.”

Basi nakuuliza. Kuku wako bado wanaangua?

Kama jibu ni ndiyo, usingoje barua, piga simu hata ikikatika. Nikisikia jogoo akiwika nyuma yako inatosha. Na kama wamekwisha, nakupigia magoti, usinijibu mimi. Sitaweza kumbebea habari hiyo kutoka mlangoni hadi kwenye ile ndoo. Panda gari uje umwambie mwenyewe. Atakasirika, atanyamaza, atakuonyesha mlango wa uani kama alivyomwonyesha bwana mifugo. Usitoke. Nyinyi wawili tu ndio mnaomkumbuka Bibi akiwamwagia nafaka, na sitaki amkumbuke peke yake.

Mama anakusalimu, anasema ile sufuria yake uliyoiazima bado anaikumbuka. Kaka yangu dereva anakusalimu, na mkewe pia. Fundi baiskeli, ambaye hakujui, naye kasema nimwingize kwenye salamu.

Miaka yote hii barua zangu hazikuwa na salamu za Baba, nawe kwa ukarimu wako hukupata kuniuliza kwa nini. Leo zipo. Sikumtungia. Nilipokuwa naikunja karatasi alirudi, akaifungua tena mwenyewe, akaniwekea kidole mahali hapa na kusema niandike hivi: “Msalimie mdogo wangu.”

Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako, na akupe miguu ya safari.

Ni mimi nikupendaye na kukutegemea,
Mtoto wa kaka yako,
Chiriku