Picha Yetu Ukutani

10 Februari

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, nimenenepa kwa raha. Mwezi wa pili wa ndoa huu, na bado mume wangu akiingia ofisini na kikombe chake cha chai moyo unanidunda. Ulisema nitazoea. Sijazoea!

Kazi yetu unaijua: yeye anaandika programu za simu, mimi nazijaribu nione zinakwama wapi kabla hazijamfikia mteja. Yaani nalipwa mshahara kumtafutia mume wangu makosa! Wenzangu wananitania, "Wanawake wenzako wanafanya bure."

Pale mapokezi kuna ukuta. Kampuni ikipiga hatua kubwa, picha inabandikwa. Juzi tumefikisha wateja milioni moja, meneja akapandishwa ukutani na tabasamu lake. Na mimi nikabandika ya harusi yetu pembeni yake. Kwani hiyo si hatua?

Mwanao

3 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanitesa kwenye ngazi tu. Mumeo amenieleza kwenye simu ulichonificha. Kumbe ile picha imewaamsha wakubwa: mke haruhusiwi kukagua kazi ya mumewe, na mmoja wenu aondoke kabla programu mpya haijazinduliwa Juni.

Acha kazi wewe, mwanangu. Mimi nilipoolewa niliacha kazi kiwandani na sikufa. Majirani nimeshawaambia unakuja kupumzika. Usishindane na wakubwa.

Mama yako

28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Siachi.

Mume wangu alijitolea kuondoka yeye. Nikamwambia akithubutu, atalala na kompyuta yake. Hakuna anayeondoka! Meneja kaniita: "Mke atamsitiri mumewe, ndiyo hofu yetu." Nikamjibu anionyeshe kosa moja nililomsitiri. Akakohoa, akasema nisipoacha wataniandikia barua ya kunifukuza.

Picha waliishusha. Nimeibandika tena, safari hii kwa gundi ya mbao. Majirani waambie sijachoka.

Mwanao

30 Juni

Mama,

Shikamoo. Umeninunia miezi miwili, lakini lazima nikusimulie.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya uzinduzi. Ukumbi umejaa, maputo juu, meneja kavaa suti mpya. Programu haitoki mpaka niipitishe. Asubuhi nikaijaribu mara ya mwisho: mteja akibadilisha simu, anafunguliwa ujumbe wa mtu mwingine! Siri za watu, mama!

"Kazi ya nani?" meneja akauliza.

"Ya mume wangu."

Akanivuta pembeni. "Ipitishe tu. Tutarekebisha kimya kimya. Ni mumeo, utamwaibisha mbele ya watu?"

Nikasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia: "Mlitaka kunifukuza kwa kuogopa nitamsitiri. Leo mnaniomba nimsitiri. Nampenda mpaka naumwa, lakini sipitishi!"

Mume wangu aliinamisha kichwa. Nikadhani ndoa imekwisha. Akasimama. "Kosa ni langu. Nipeni wiki mbili." Wageni wakarudishwa, maputo yakabaki.

Tulirudi nyumbani pamoja. Mlangoni akanishika mkono: "Wengine wangenipenda mpaka wanizamishe." Nikalia kama mjinga.

Barua ya kunifukuza bado sijaiona. Ikija, nitairudisha.

Mwanao

2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo.

Nilinuna, ndiyo. Mumeo kaniambia programu imetoka salama, na kwamba wakubwa wameshindwa kukuandikia ile barua. Nikakaa nikafikiri. Nilikwambia niliacha kiwanda na sikufa. Sikukwambia kama nilifurahi. Nilikuwa fundi wa mashine nambari moja pale, na hakuna aliyeniuliza kama nataka kuacha.

Majirani wakiniuliza utakuja lini, nawajibu: ana kazi.

Nitumie ile picha, niibandike sebuleni. Na usisahau gundi.

Mama yako