Mahali pa Kuweka Ulimi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti cha kupumzikia na si mbele ya cherehani, kwa sababu ni ndefu na ningependa uisome kwa kituo. Mguu wa mama unaendeleaje? Shangazi ameniambia uvimbe umepungua na sasa anafika mpaka dukani bila fimbo, nami nimefurahi sana. Huku hatujambo. Shangazi ana mafua, lakini hayajamzuia kusema.

Barua yako ya wiki iliyopita nimeipata. Umeniomba radhi tena kwa kukosa siku ya wazazi, na hii ni mara ya tatu. Tafadhali baba, usiniombe radhi tena. Sababu nitaieleza mbele, maana kuna jambo nimelibeba tangu siku ile, na nimejiahidi kwamba sitaibandika bahasha kabla sijalisema. Nakuomba usiruke mistari.

Nianze na swali lako. Uliuliza kile kifungo kikubwa cha koti nilichokuomba kilikuwa cha nini, wakati sare yetu haina koti. Nilikuandikia kwamba ni cha somo la sayansi. Haikuwa kweli. Ni cha mdomo wangu. Hutiwa uzi imara, huwekwa kati ya meno na midomo, kisha mtu huuvuta uzi taratibu na midomo inatakiwa isikiachie. Nafanya hivyo asubuhi na jioni. Mvutaji ni shangazi, naye anasema katika maisha yake yote hajawahi kushindana na mdomo wa mtu akashindwa, basi aibu hiyo imempata kwa mtoto wa kaka yake.

Ilianzia kwa daktari wa meno. Alisema meno yangu ya mbele ya juu na ya chini hayakutani kwa sababu ulimi unayasukuma kila ninapomeza, na kwamba akinifunga waya sasa, siku atakayozitoa ulimi utayarudisha meno pale pale. Kwanza ufundishwe ulimi, alisema, ndipo tuyafundishe meno. Akatuelekeza kwa mama mmoja ambaye kazi yake ni mazoezi ya ulimi, midomo na uso. Chumba chake kiko juu ya duka la miwani, na kuta mbili zina vioo kutoka juu mpaka chini. Ukikaa pale huna pa kujificha. Sisi wagonjwa wake tunamwita Mama Vioo, na nadhani anajua.

Alinifundisha kwamba ulimi una mahali pake. Ncha inakaa kwenye ule mwinuko mdogo nyuma ya meno ya juu bila kuyagusa meno, mgongo wake unalala kwenye kaakaa, midomo imefungwa, na pumzi inapita puani. Hapo ndipo unapopumzika. Kisha akaniuliza wangu huwa unapumzika wapi. Niliutafuta kwa muda, nikagundua kwamba haujawahi kupumzika.

Siku hiyo hiyo aliuliza, kalamu ikiwa juu ya fomu, kama nyumbani kuna mtu mwingine ambaye ulimi wake hupita kati ya meno akizungumza. Nilijibu kwamba hakuna. Shangazi alinitazama kupitia kioo, halafu akaanza kutafuta kwenye mkoba wake kitu ambacho hakukipata.

Baba, mimi na wewe tuna kithembe kimoja, na hatujawahi kukizungumza. Wateja wanadhani ni zile pini unazobana mdomoni. Mimi pia niliamini hivyo nilipokuwa mdogo, mpaka siku moja nilipokuona unazitia pini mdomoni kabla ya kumfungulia mteja mlango, na mezani hapakuwa na nguo ya kupima. Sikumwambia mtu.

Mazoezi si magumu, ila yanachosha kama kufua mablanketi. Nabandika ulimi wote juu, naunyonya, kisha naubandua kwa mlio. Nashika maji kidogo kinywani na kuyameza nikiwa nimetabasamu, midomo isisaidie. Wiki ya kwanza nilimeza kidogo na kifua kikanywa kilichobaki. Shangazi akasema ninyweshe na maua kabisa, tusipoteze maji.

Pale kwa Mama Vioo si watoto tu. Anayekuja baada yangu ni mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori, ambaye koo lake hulegea usingizini akakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Mkewe ndiye aliyempa jina la Mzee Honi. Mzee huyo hufanya mazoezi yale yale ninayofanya mimi, mbele ya vioo vile vile, bila haya. Aliniambia amevusha mizigo milimani miaka thelathini, na sasa mzigo unaomshinda ni wa nyama, nao hautoshi hata sahani. Alipomuuliza Mama Vioo kama ulimi wa mtu mzima bado unafundishika, alijibiwa kwamba ulimi hauna mfupa wa kukomaa; utachelewa kuliko wa mtoto, lakini utasikia, mradi mwenyewe awe amekuja kwa hiari yake. Mkewe, ambaye humsindikiza, akadakia kwamba huyu alikuja kwa hiari ya mke. Akatuambia kwamba usiku wa kwanza mumewe kulala kimya, aliamka mara nne kumgusa kama bado yu hai.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Jumanne iliyopita nilitimiza wiki kumi na mbili. Mama Vioo alikuwa amenirekodi siku ya kwanza nikisoma ukurasa mmoja, na sasa akanirekodi nikisoma ukurasa ule ule, kisha akanisikilizisha sauti zote mbili. Alianza na ya zamani. Nilitarajia kujisikia mimi, baba, lakini niliyemsikia ni wewe, vile unavyonisomea vipimo nikuandikie daftarini, kiuno, bega, urefu wa mkono. Nilianza kulia. Mama Vioo alidhani ni furaha, akaniwekea ile mpya, nami nikazidi. Alipoona hivyo akazima, akasogeza kiti karibu na kuuliza. Nikamwambia yote ninayokuandikia hapa.

Unakumbuka mwanzo wa muhula uliopita uliponiletea sare langoni na kumweleza mlinzi jina langu na darasa langu? Wenzangu walikuwa wamesimama karibu. Mimi tayari walikuwa wananiita Pancha, kwa ajili ya upepo unaonitoka kati ya meno. Uliposema, mmoja wao akasema kwa sauti kwamba kumbe na tairi la nyuma nalo limepasuka. Walicheka. Wewe ulidhani wanafurahia sare mpya, ukawapungia mkono.

Siku ya wazazi kila mwanafunzi anayesoma jukwaani humtambulisha mzazi wake, na mzazi husimama na kusema machache kwenye kipaza sauti. Nilichaguliwa kusoma. Na mimi, baba, nilikuandikia kwamba siku yenyewe ni Jumapili. Ilikuwa Jumamosi. Nilijua nilipokuwa naandika. Hata kalamu niliishika kwa uangalifu ili tarehe isomeke vizuri.

Ulifunga duka, ukaja umevaa shati jipya, ukakuta viti vinapangwa juu ya vingine. Nilipokukimbilia nilikuwa nimejiandaa unigombeze, nami ningesema nilikosea. Hukunipa nafasi hiyo. Ulisema ni wewe uliyekosea, kwamba siku hizi unasahau. Sasa shangazi ananiambia umekwenda duka la dawa kuuliza dawa ya kumbukumbu. Baba, kumbukumbu yako ni nzima. Uliisoma barua yangu sawasawa. Njia ya mwongo ni fupi, walitufundisha, lakini hii yangu umeitembea wewe.

Mama Vioo hakunilaumu wala hakunisifu. Alisema tu nisikuandikie kukuita kwenye mazoezi kabla sijakwambia ukweli, kwa sababu ungedhani nakuja na mkasi kwa kitu ambacho hujasema kinakubana. Kwa hiyo sikuiti. Ukitaka siku moja, chumba kiko wazi na Mzee Honi atakuchekesha. Usipotaka, nimeshaijua sauti yako na sina ninachotaka kibadilike.

Siku ya wazazi ya muhula huu ni Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Kwa kuwa neno langu kuhusu tarehe limeharibika, nimemweleza mwalimu wa darasa kwa nini, naye ameandika tarehe hiyo kwa mkono wake kwenye karatasi iliyomo humu na kuigonga mhuri wa shule. Nitasoma tena. Herufi zangu bado zinateleza nikichoka au nikiogopa, na najua nitaogopa.

Kwenye karatasi hiyo hiyo kuna mstari unaouliza kama mzazi atasema. Nimeuacha wazi uujaze mwenyewe. Ukiandika ndiyo, nitakushikia kipaza sauti. Ukiandika hapana, nitateremka nije kukaa kando yako, nao watatuona tumekaa pamoja. Nimeomba viti viwili vya mstari wa mbele.

Nisamehe, baba. Kama hutaweza kwa sasa, nitangoja, wala sitakuuliza lini.

Msalimie mama, mwambie asifanye haraka na ngazi za dukani. Shangazi anakusalimu sana, na anasema yeye alijua tangu mwanzo, ila alitaka niyaseme mimi mwenyewe.

Wako akupendaye,
Kitinda mimba wako