Mipira Niliyomwachia Mama Konsolata

Haydom,
Jumapili jioni.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Yohanes Margwe,
Bashay.

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta umekaa juani mlangoni, chai mkononi, mguu umeuweka juu ya kigoda kama ulivyoelekezwa. Ingawa nakufahamu: huenda uko shambani unakagua vitunguu saumu, na kigoda kimekaliwa na kuku. Mama mpe shikamoo yangu. Je, yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima, na wanafunzi wangu ni wazima, wao na kelele zao.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu ya hapo nyumbani anaishika kaka Gidion, na ninayotaka kukuambia nataka uyasome mwenyewe, kwa miwani yako, taratibu. Ndiyo maana nimempa Vitalis wa mama mdogo akukabidhi mkononi.

Kwanza nikuchekeshe kidogo. Mwanao, mwalimu mzima, nimeanza kujifunza mchezo unaoitwa skwoshi. Nyuma ya nyumba za wageni za hospitali, pale walipoishi wazungu zamani, kuna chumba kirefu kitupu ambacho miaka yote nilidhani ni ghala. Kumbe ni uwanja. Mnaingia wawili na raketi zenu, mnapokezana kupiga mpira mdogo mweusi ukutani. Ukidunda chini mara mbili kabla mwenzako hajaufikia, pointi ni yako. Ukiupiga chini mno unagonga bati lililopigiliwa chini ya ukuta wa mbele, nalo linakutangaza kwa kila apitaye nje. Siku ya kwanza mpira ulikataa kabisa kudunda, nikasema umeharibika. Nikaambiwa nisiwe na haraka, ni baridi tu, hauchangamki mpaka upigwe upate joto.

Aliyeniambia ni Mama Konsolata, jirani yangu, mkunga mstaafu wa rika la Mama. Mtu aliyekuwa akicheza naye alihamishiwa mkoa mwingine. Naye alikuwa ananiona kila jioni nimekaa barazani na uso wa msiba, akaja kuniambia kwamba kama nina la kulia, nilie huku nakimbia. Sikumweleza kilichokuwa kinaniliza.

Baba, nilikuwa kichekesho. Raketi nilishika kama jembe, na bati lile nililigonga mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia. Lakini tabu yangu kubwa haikuwa mkono, ilikuwa malezi yenu. Katika mchezo huu unampa mkubwa mgongo, unamtangulia njiani, unamkimbiza kona hii na ile. Mimi nikimwona anakuja nampisha, raketi nimeishika kwa mikono miwili kama napokea kitu. Siku moja mpira wangu ulimpata kiunoni, nikaangusha raketi na kupiga goti kumwomba radhi. Yeye akaendelea kucheza, akachukua pointi yake, akaniuliza kama nimekuja kucheza au kutubu.

Baadaye mkono ulianza kutii. Nikaona kwamba naweza kuupeleka mpira kwenye kona ya mbali ambako miguu yake haifiki tena. Sikuthubutu. Nikawa namwekea mipira karibu na raketi yake, mizuri, ya kupigika, naye akawa anashinda kila siku. Nilirudi nyumbani nimeridhika kama mtoto aliyewanawisha wageni mikono bila kumwaga maji.

Wiki iliyopita aliudaka mpira katikati ya mchezo, akaenda kukaa kizingitini. Akaniuliza nimeanza lini kumwachia. Nikakana. Akasema nisiongeze na uongo. Akasema watu wamemgombeza katika maisha yake, wapo hata waliomtukana, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amekwisha, ila mimi, tena bila kufungua mdomo. Akasema akishindwa atajua miguu yake imefikia wapi na atajipanga, lakini mimi nimemnyima hata kujua. Halafu akalia, Baba. Sikujua kwamba unaweza kumliza mtu mzima kwa kumheshimu.

Nikiwa nimesimama pale, ukanijia ubao wako wa drafti.

Wewe hukuwahi kutuachia. Nilikuwa mdogo, nalia machozi ya kweli, na bado ulikula vizibo vyangu vyote ukaniambia nipange upya. Pasaka hii ulimshinda Gidion, ukanishinda mimi, ukamshinda Gidion tena. Kisha ukautazama ubao muda mrefu, ukakusanya vizibo ukavirudisha kwenye kopo, ukasema umechoka. Tulikuachia, Baba. Tulikubaliana jikoni, mimi na yeye. Na nadhani ulijua, ukabaki unajiuliza kwa nini.

Sababu ni hii. Siku ile kabla ya Pasaka tuliyokuleta hapa hospitali kwa daktari, wewe ulibaki kwenye benchi nje, sisi tukaitwa ndani. Daktari alisema kidonda chako cha mguuni si cha kupaka dawa tena. Sukari imeua nyama, na kidole gumba pamoja na cha pili inabidi vikatwe, mapema. Kidonda kikiachwa kitapanda, na hapo itakuwa mguu, au maisha yako. Alitaka uingie usikie mwenyewe. Gidion akamsihi atuachie sisi, kwamba tutakueleza nyumbani kwa namna yetu. Tulipofika nyumbani tukakuambia upumzike na umeze dawa.

Gidion hana ubaya, anaogopa. Alisema mtu aliyelima maisha yake yote kwa miguu hiyo, akisikia neno kukatwa atakata tamaa. Nami nilinyamaza. Nisamehe Baba. Tulikufanya mzee aliyekwisha, nawe hujaisha.

Sasa umejua. Mguu ni wako na uamuzi ni wako. Mimi nakuomba uje, tena wiki hii, nami nitakungoja pale basi linaposhushia watu. Ukikataa nitaumia sana, lakini utakuwa umekataa ukijua, na nitakuja kukuuguza bila kukusumbua. Gidion msomee barua hii, na usimfokee sana, anakupenda kuliko anavyojua kusema.

Mama Konsolata anakusalimu. Nilipomwomba radhi alinijibu kwa kuniamrisha nichukue raketi. Nilimkimbiza kona zote mpaka akakaa chini anahema, akashindwa, akanitukana kwa furaha. Jana akanilipa: aliugusa mpira kidogo tu, ukafia mbele ukutani nami niko nyuma kabisa nimetoa macho. Nimemweleza habari ya mguu wako, naye anasema amewaona wengi wakitoka wodini na fimbo, na msimu uliofuata wako shambani.

Mpe pole Mama kwa kazi, na ndama akizaliwa mumpe jina zuri. Mungu awalinde wote hapo nyumbani.

Ukija, njoo na ubao na kopo la vizibo. Tutacheza kitandani kwako kila nikitoka shule. Na ukinishinda, ujue umenishinda.

Ni mimi binti yako,
Agatha