Kila Namba Ikawa Tisa

Mwanjelwa, Mbeya

Kamwene, dada Tumaini. Goti linaendeleaje? Na shemeji amemaliza kupukuchua mahindi? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanivalisha masweta mawili hata mchana.

Uliniuliza kwenye simu usaili wa kazi pale chuoni ulikwendaje, nikakuahidi kukuandikia maana ni hadithi ndefu. Tulibaki wawili kwa nafasi moja: mimi na Atupele, yule binti wa Mbalizi ninayekaa naye chumba kimoja. Kila mmoja alitakiwa kufundisha hesabu mbele ya wanafunzi na mkuu wa idara, kwa kutumia programu ya aljebra, ile inayokokotoa hesabu za herufi kwenye kompyuta. Atu alitangulia. Alifundisha vizuri mpaka nikaogopa.

Zamu yangu nikakaa kwenye kompyuta ileile. Nikaandika kanuni nyepesi: x izidishwe kwa yenyewe. Nikaipa mbili, nikitegemea nne. Ukutani, kompyuta ilikokuwa inamulika majibu, ikatokea tisa. Nikaipa tano, tisa. Kumi, tisa tena. Wanafunzi wakaanza kucheka chini chini. Dada, jasho lilinitoka na baridi yote ile.

Nilitamani kusingizia kompyuta mbovu. Badala yake nikawaambia, "Majibu haya si sahihi, na sijui kwa nini. Tutafute pamoja."

Nikabadili kanuni, nikaiambia iongeze moja tu kwenye x. Sasa kila namba ikawa nne. Hapo nikashtuka: tisa ni tatu mara tatu, na nne ni tatu na moja. Nikaiuliza kompyuta x yenyewe ni ngapi. Ikajibu tatu. Kumbe x ilishapewa thamani tangu mapema, na kompyuta ilikuwa inaitumia hiyo, namba zangu haizijali kabisa.

Kabla sijasema neno, Atu akasimama kule nyuma.

"Ni mimi, mwalimu," akamwambia mkuu. "Niliipa x tatu kwenye kipindi changu, nikasahau kuifuta."

Angeweza kunyamaza, dada, na huenda kazi ingekuwa yake.

Nikaifuta ile tatu, nikaandika kanuni upya, mbili ikatoa nne. Darasa likapiga makofi kama vile nimefunga goli. Wiki iliyofuata mkuu akaniita: kazi nimepata mimi. Atu alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje, nami nikashindwa kumtazama usoni. Lakini mkuu hakumsahau. Alimsemea kwenye chuo kimoja hapo Iringa mjini, nao wamemchukua.

Anakuja mwezi ujao, na huko hana ndugu. Nimemwambia ndugu yuko hapo jirani Kalenga, ndiye wewe. Kihehe hajui hata salamu, basi mfundishe kabla shemeji hajaanza kumtania. Nisalimie huyo shemeji, na mama mkwe wako, na kitindamimba wako. Mwambie sweta lake la shule nimelipata.

Atu akifika, mpe kitanda changu, kile cha dirishani.

Mdogo wako akupendaye,
Vumilia