Mama wa Binti wa Taa Hayuko Msumbiji

Mpendwa Anti Goreti, nisaidie kabla shule hazijafungwa, maana zikifungwa tu mwanangu atashuka kwenye gari la kutoka Ruangwa na mimi sijui nitamtazamaje usoni. Majina humu nimebadilisha, ingawa Nachingwea ni ndogo na wa kutujua watatujua.

Mimi na mume wangu Ramadhan tuna banda la video karibu na soko, tulianza miaka ya tisini na deki moja na kanda chache, na katika kanda hizo ipo katuni ambayo watoto wote wa mji huu wamekua nayo, tunaiita Binti wa Taa, ni ya mtoto wa Kizungu ambaye mama yake anatoka na taa kwenye mvua kuwaonyesha njia watu wanaovuka mto, mto unamchukua, na mtoto anaingia msituni kumtafuta akiwa na nungunungu anayeimba. Picha ni ya Kiingereza, kwa hiyo Ramadhan ndiye anayetafsiri, anakaa pembeni ya televisheni na maiki, anasema maneno ya kila mtu, na nungunungu anamsemesha kwa lafudhi ya Kimwera mpaka watu wanashika mbavu.

Sasa Anti, huyu ninayemwita mwanangu, Hajra, ni wa dada yangu Mwanabibi, baba yake alishahamia Songea na mke mwingine, na dada alipofariki kwa malaria iliyompanda kichwani Hajra alikuwa bado mdogo sana, tukamzika dada kwetu Kiegei, na mtoto hakuna aliyemwambia kitu, maana kwetu mtoto hapewi habari za msiba, anapelekwa kwa majirani anywe uji mpaka watu watawanyike, na watu wakishatawanyika hakuna anayekumbuka kurudi kumwambia. Sikukuu iliyofuata Ramadhan akaweka Binti wa Taa, Hajra amekaa mkekani mbele kabisa, ikafika pale mto unapomchukua mama, na kwenye katuni pale huoni mtu akifa, unaona rangi ya buluu inazunguka na nyota nyingi, basi Ramadhan akamwona mtoto alivyokodoa macho, huruma ikamshika, akasema kwenye maiki, "Mama amevuka mto, amekwenda Msumbiji, mvua zikiisha atarudi." Mtoto akaja nyumbani anaruka, akaniuliza, "Na mama yangu naye yuko Msumbiji, eti mama mdogo?" Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo, Anti, nikampakulia uji.

Toka siku ile katuni ikawa hivyo na maisha yetu yakawa hivyo. Hajra aliichukua kanga ya mama yake akaikunja vizuri na kuiweka sandukuni, akirudi ajifunge. Kiegei hatukumpeleka tena, hata harusi ikiwa huko yeye anaachwa na jirani, na kila mvua zilipoisha alikuwa ananiuliza, mpaka akaacha, na alipofaulu kwenda sekondari Ruangwa aliondoka na ile kanga, nasikia bwenini anajifunga mwenyewe, nikamshukuru Mungu nikasema mtoto amekua, ameshasahau.

Ndipo mwezi uliopita Ramadhan akarudi kutoka Masasi na diski mpya, Binti wa Taa ileile imerudiwa, safari hii si ya kuchora, wamecheza watu wenyewe, na siku ya kuonyesha banda lilijaa kuliko sikukuu, vijana waliokua na katuni wamekuja na watoto wao mabegani. Kwanza akatokea nungunungu, hachezi wala haimbi, ni nungunungu hasa kama hawa wanaotumalizia mihogo, mtu akauliza panga liko wapi, tukacheka. Halafu ukafika mto. Anti, wamemtoa mwanamke majini, wamemlaza juu ya mlango wa nyumba uliong'olewa, wamemfunika shuka, kaburi limechimbwa na udongo unaonekana, na Ramadhan na maiki yake akajikaza akasema, "Huyu ni jirani yao."

Banda likalipuka. "Jirani gani, si yeye huyo!" "Kanyaboya hii, feki, toa!" "Mama yake yuko Msumbiji bwana, sisi tunajua!" Dastani, fundi baiskeli, mwanaume mzima mwenye ndevu, alimkunja Ramadhan shati huku machozi yanamtoka, anamuuliza, "Kwa nini mmemuua?" Mabenchi yamevunjwa, pazia limechanwa, na tangu hapo kila kona ya mji ni ubishi huo, wengine wanasema Wazungu wameiharibu picha, wengine wanasema Ramadhan ndiye aliyetuharibia tangu zamani, na mimi nikipita sokoni wananyamaza.

Habari ikafika Ruangwa. Juzi Hajra akanipigia kwa simu ya matroni, akasema, "Mama mdogo, nimesikia picha mpya imekuja. Nikifika nataka tuione mimi na wewe tu. Mwambie baba asitafsiri." Akaaga, akakata.

Anti, sasa kila mtu nyumbani ana lake. Ramadhan anataka kuivunja ile diski aseme imeibwa. Mama yangu anasema tukae kimya mpaka mtoto aolewe, huko ataambiwa na mashangazi. Mimi naogopa kwamba akijua tulimdanganya miaka yote atatuchukia, atafunga mizigo aende kwa baba yake Songea na sitamwona tena, na mimi sijajaliwa mtoto mwingine, ni huyo tu. Nifanye nini?

Mama Mdogo, Nachingwea

Mama mdogo, pole sana. Umefiwa na dada na siku hiyohiyo ukageuzwa mama, hukupewa hata nafasi ya kulia vizuri. Pole nimeshaitoa, sasa ngoja nikugombeze.

Niliposoma habari za wanaume wenye ndevu wanaovunja mabenchi kumtetea mwanamke wa katuni aliyeko Msumbiji, nilicheka mpaka mhariri akaja kuchungulia. Halafu nikaacha kucheka. Huyo Dastani hakuwa analilia ubovu wa picha. Alipewa habari ya msiba akiwa kwenye benchi, mbele za watu, na wa kumpa alikuwa televisheni. Ndivyo unavyotaka Hajra naye aambiwe? Au aambiwe jikoni na mashangazi wakati anapakwa hina?

Mumeo alikuwa na huruma, simlaumu kwa siku ile. Namlaumu kwa "jirani yao". Mtu umeona shuka na kaburi, bado unatafsiri!

Na wewe unaniambia mtoto amesahau. Hebu isome tena barua yako mwenyewe. Kanga aliyokuwa anamtunzia mama yake, sasa anajifunga yeye. Kanga ya mtu unayemngoja huikunjui, Mama mdogo. Katika wilaya nzima kuna kijiji kimoja tu ambacho mtoto huyu haruhusiwi kukanyaga, hata kwa pilau la harusi, na unadhani hajawahi kujiuliza kuna nini Kiegei? Kisha anakupigia simu anasema baba asitafsiri. Huyo anajua. Sijui alijua lini, pengine akiwa bado ana meno ya utoto. Aliacha kuuliza kwa sababu aliona kila akiuliza unavyoumia, akaamua kukuhurumia, na ameubeba uongo wenu peke yake mpaka bwenini. Wewe unaogopa atakuchukia. Mwenzako anakuomba mkae wawili mlie pamoja, kitu ambacho mlinyimwa wote siku ya mazishi.

Kwa hiyo diski isivunjwe, wala isiguswe. Mama yako mwambie kwa heshima zote kwamba safari hii hasikilizwi. Siku Hajra anafika nenda stendi mwenyewe, usimtume mtu, na usimpeleke bandani wala nyumbani kwanza. Pandeni gari la Kiegei. Njiani umwambie kwa maneno ya kawaida kabisa: mama yako alikufa, aliugua malaria, tulimzika huku, nami nilikudanganya kwa sababu nilishindwa. Usiseme alisafiri, usiseme alilala, usiseme Mungu alimwita halafu ukanyamaza. Sema alikufa. Akikasirika mwache akasirike, ni haki yake, wewe kaa hapohapo. Makaburini msomeeni dua, msafishe majani, mhadithie dada yako alikuwaje, alipenda chakula gani, alichekaje. Picha mtaiona baadaye kama bado ataitaka, na Ramadhan akae nje ya mlango akalinde viatu.

Ila fanya haraka, maana gazeti hili na Ruangwa linauzwa.

Na wewe binti, kama limekufikia kabla mama mdogo wako hajafungua mdomo, usimpigie simu. Panda gari uje. Utamkuta stendi anakungoja. Mshike mkono, umwambie twende Kiegei.