Kikufuli cha Upande wa Kushoto

Jordan, Montana
9 Machi 2016

Mwanangu Lyle,

Salamu zikufikie huko Idaho ukiwa mzima. Mimi sijambo, ila upepo haujanyamaza tangu mwezi uliopita na kondoo wanazaa kwa fujo. Duka lako la bunduki linaendaje? Unakula? Simu usipige, siku hizi nasikia mvumo tu. Andika.

Shida yangu ni bastola. Ile ya chuma ya zamani imekuwa nzito, au mimi ndiye nimekuwa mwepesi, maana nikiivaa natembea nimeshika suruali kama mtoto wa shule. Na kile kinundu cha mbele cha kulengea, macho yangu hayakioni tena vizuri. Wewe ndiye fundi, basi nichagulie nyingine ya kuvaa kila siku. Isiwe ndogo ya kichezeo, isiwe na mapambo kama za vijana wenu wa mjini. Na kikufuli cha usalama, kile cha kuifunga triga, sitaki kabisa. Siku ya shida mtu hana muda wa kutafuta kitasa.

Usiniulize kwa nini naivaa hata kwenda kulisha kuku. Siku wale wawili walipomfunga mama yako kwenye nguzo ya kuanikia nguo wakaondoka na gari letu, mimi nilikuwa shambani nakata majani na bunduki ilikuwa kabatini. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tangu siku ile navaa suruali, navaa mkanda, navaa bastola, ndipo nakunywa kahawa.

Na ahadi yako usiisahau. Babu yako Nils tulimnyang'anya yake mimi na baba yako mkubwa Orrin, akiwa anaoga, kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha. Hakututukana. Alikaa mezani majira yote ya baridi, mkono unapapasa kiunoni, unapapasa, mpaka tukamzika. Pale kaburini uliniapia kwamba mimi hutanifanyia hivyo.

Baba yako


Lewiston, Idaho
22 Machi 2016

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kondoo wanazaa. Mimi mzima, nakula, ingawa mayai yangu bado yanaungua kama ulivyozoea kunicheka.

Bastola nimekuchagulia na inakuja na gari la vifurushi. Ni ya ukubwa wa kati. Zile ndogo ni nyepesi kiunoni lakini zinaruka mkononi kama chura, na mwenye kuumia kiganja haendi kufanya mazoezi. Mpini nimeuongezea unene ili ushike bila kubana. Kinundu cha mbele nimekitoa, nimeweka kikubwa chenye rangi ya chungwa. Cha nyuma kiache kiwe cheusi tupu, jicho lisichanganyikiwe.

Ala nimeishona mwenyewe, ya ngozi ngumu inayofunika triga yote. Tafadhali tumia hiyo, usiitie bastola mfukoni pamoja na funguo na visu. Na ununue mkanda mpana. Watu hutumia pesa nyingi kwenye bastola halafu wanaining'iniza kwenye mkanda wa suruali ya kanisani.

Kikufuli sikuweka. Ahadi naikumbuka, Baba.

Mwanao, Lyle


Jordan
14 Juni 2016

Mwanangu Lyle,

Hujambo? Huku majani yamepanda na mbu wamekuja kututembelea wote na jamaa zao. Mwili wangu haujambo, isipokuwa vidole.

Lile chungwa la mbele ni zuri, naliona. Nilipiga makopo pale korongoni na Delbert Kusler, jirani yetu, alikiri kwa mdomo wake kwamba mwanangu ni fundi. Unajua Delbert husifu mara moja kwa mwaka, na kwa kawaida humsifu ng'ombe. Tatizo ni kukoki. Hicho kipande cha juu kinanishinda kukivuta. Jana nilikibana kwenye ukingo wa meza ndipo kikatii. Na triga nayo inamtaka mtu mwenye kidole kisichovimba. Huwezi kuilainisha?

Utacheka. Wiki iliyopita niliitafuta bastola asubuhi nzima, nikamtuhumu hata mbwa. Nikaikuta ndani ya sanduku la mkate, imelala salama pembeni ya mkate. Mkate wenyewe sikuuona mpaka leo.

Baba yako


Lewiston
2 Julai 2016

Baba,

Shikamoo, na pole kwa vidole. Ile dawa ya kuchua uliyoandikiwa unaipaka, au imelala kabatini?

Nakutumia nyingine. Springi yake ni laini, utakoki bila meza. Juu yake nimefunga kioo kidogo chenye nukta nyekundu. Najua utasema mzoea punda hapandi farasi, lakini mpande tu. Huhitaji kupatanisha kinundu cha mbele na cha nyuma. Tazama unachokilenga, nukta itakuja yenyewe, na pale ilipo nukta ndipo risasi itakapokwenda. Betri inakaa zaidi ya mwaka.

Kuhusu triga tumevutana, mimi na moyo wangu. Bastola ya kuvaliwa kiunoni haifai kuwa na triga laini. Ule uzito ndio adabu yake, unampa mtu nafasi ya kujiuliza mara ya pili. Mteja wa kawaida ningemkatalia. Wewe nimekupunguzia kidogo, kwa sababu umeniomba na kwa sababu nimekumbuka vidole vyako vikinifundisha mimi kushika tupa.

Ile habari ya sanduku la mkate nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Baba, ukivua mkanda, bastola iwe inakwenda mahali pamoja tu kila siku. Nakuomba.

Mwanao, Lyle


Jordan
11 Oktoba 2016

Mwanangu Lyle,

U mzima? Mimi mzima kabisa, baridi imeanza na nimeshapasua kuni za kutosha. Mama yako anakusalimu, anasema uvae soksi.

Ile nukta ni ajabu. Mwezi uliopita nilitoka kumwaga maji, nikaona mtu kwenye zizi la kondoo, anafungua lango kama la kwao. Nikamwita, hakujibu, au alijibu sikusikia. Nikachomoa. Mwanangu, mkono ulitetemeka lakini nukta haikujali, ikakaa palepale kwenye kifungo cha shati lake. Kidole kilikuwa kimeshalala kwenye triga. Akanyanyua mikono akavua kofia, na alikuwa Delbert. Anasema amekuwa akinilishia kondoo wangu tangu baridi ya mwaka jana. Mimi sikumtuma, wala sikumbuki.

Nikamwambia ashukuru, angekutana na kazi ya mwanangu. Hakucheka, na Delbert kwa kawaida ni mtu wa utani. Siku hizi haji tena. Mkewe huacha chakula kwenye sanduku la barua kule barabarani, kana kwamba nina ndui.

Kazi nzuri, kijana wangu. Nilitaka ujue.

Baba yako


Lewiston
20 Oktoba 2016

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama dukani na nikafunga duka.

Mama ametutoka, Baba. Ni mwaka wa nne huu. Tulisimama pamoja kaburini pale juu ya kilima, na wewe ndiye uliyeshika koleo hukutaka mtu akupokee. Naandika haya na mkono unakataa, lakini ukiambiwa na mtu mwingine itakuwa vibaya zaidi.

Delbert amenipigia simu. Hana kinyongo, anaogopa tu, na ana wajukuu wanaopita kwenye uzio wako. Njoo ukae nami huku. Chumba kipo, kina dirisha linalotazama mto. Kondoo Delbert atawatunza.

Kama hutaki, basi nirudishie bastola kwa muda mfupi. Ile betri ya nukta inaonekana ni ya toleo bovu na inataka kubadilishwa kabla ya theluji. Nitakurudishia mapema.

Mwanao, Lyle


Jordan
6 Desemba 2016

Lyle,

Bastola imefika. Betri ni ileile, nilikuwa nimeikwaruza alama kwa msumari kabla ya kuituma. Sijawa mjinga kiasi hicho.

Upande wa kushoto, pale kidole gumba kinapolala, kuna kikufuli. Kigumu. Nimekisukuma mpaka ukucha umevuja damu, kikashuka, triga ikawa huru, halafu nikakipandisha kuifunga ili nione kama nitaweza kukishusha tena. Sikuweza.

Kitu kimoja tu nilikuambia sitaki. Kimoja. Umenifunga kama lango la ng'ombe, ukaniachia ile bastola niivae kiunoni ili nijione mwanaume. Mimi na Orrin tulikuwa wakatili kwa babu yako, lakini angalau hatukumdanganya. Alijua kwamba mkanda ni mtupu.

Mama yako Ardis naye amekasirika.

Halvor Brekke


Lewiston
3 Januari 2017

Baba,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea.

Hukutia salamu kwenye barua yako, wala hukusaini Baba. Nimeielewa adhabu. Ulilosema ni kweli. Nilishindwa kukunyang'anya na nikashindwa kukuachia, nikafanya la katikati, na la katikati ndilo baya kuliko yote. Nimekuwa nikikufungia vioo na springi mwaka mzima, kila kiungo chako kikichoka naitafutia bastola dawa, kana kwamba bastola ndiyo inayoumwa. Nilitakiwa kuja nikae nawe mezani. Huku kwetu mtoto hajui kumwambia baba yake kwamba amezeeka, anajua kumtengenezea silaha tu.

Barabara ikifunguka naja. Nitaegesha gari kule chini na kusimama langoni, nivue kofia, niite jina langu kwa sauti kabla ya kukanyaga uwanja, kama ulivyonifundisha. Tutazungumza. Ukiniambia nikitoe, nitakitoa mbele yako.

Nakupenda, Baba. Sikumbuki kama niliwahi kukuandikia hilo.

Mwanao, Lyle


Jordan
25 Aprili 2017

Mwanangu mpenzi Lyle,

Nakusalimu kwa moyo mweupe. Natumaini hujambo na duka linakwenda. Ni muda mrefu hujaniandikia na nilianza kuwa na wasiwasi. Mimi naendelea, theluji imekwisha, tope limebaki. Mama yako amekwenda mahali, sijamwona leo.

Nina neno zito. Wiki iliyopita alikuja mtu. Aliacha gari chini, akasimama langoni, akavua kofia, akapiga kelele. Masikio yangu unayajua. Mtu mzima, ndevu zina mvi, kofia ya kahawia. Nikamwambia ondoka, naye akafungua lango akaanza kuja, mikono wazi, huku analia. Niliwakumbuka wale waliomfunga mama yako, nao walikuja kwa upole hivyohivyo.

Nikachomoa. Nukta ilikaa vizuri kifuani, mwanangu, kazi yako haina kasoro. Nikavuta triga. Ikawa ngumu kama ukuta. Nikavuta tena kwa vidole vya mikono miwili. Hapo ndipo nilipoona kwamba kuna mtu ameweka kikufuli upande wa kushoto. Sijui nani. Labda ni Delbert, simwamini tena.

Yule mtu alifika akaushika mkono wangu, taratibu, akaichukua bastola. Akasema, "Samahani, Baba. Nisamehe." Adabu alikuwa nayo, hilo sikatai, siku hizi wageni wengi hawamwiti mzee Baba. Aliketi kwenye ngazi akatetemeka mpaka nikamhurumia nikampa koti langu. Akakaa kwangu siku kadhaa. Amerekebisha lango, amefua, na mayai yake yanaungua kila asubuhi. Nilimwambia nina mwanangu anaunguza vivyo hivyo. Akatoka nje, na alikaa huko muda mrefu. Siku nyingine nilimkuta kilimani kwenye kaburi, amepiga magoti. Nilimuuliza ana uhusiano gani na Ardis. Akanishika mkono tukashuka nyumbani.

Ameondoka na bastola. Anasema Jumamosi atarudi na gari kubwa anihamishe, kuna chumba chenye dirisha linalotazama mto. Hana ukali, ila naona ameshaamua, na mimi sina cha kumzuia. Mkono wangu siku nzima unapapasa kiunoni, na hakuna kitu. Nilipouona ukifanya hivyo nilimkumbuka babu yako pale mezani nikalia, mwanangu. Sikuwa nimelia tangu utoto.

Wewe uliniapia. Njoo kabla ya Jumamosi, uwahi kabla yake. Niletee nyingine kama ile, na hakikisha haina kikufuli. Usihangaike kuegesha gari mbali wala kuita langoni. Ingia tu moja kwa moja, wewe nitakujua.

Baba yako