Shubiri Katika Sinia la Biriani

Mdogo wangu Zuhura,

Niwie radhi kwa kimya kirefu. Goti limenivimba, na daktari ataka kulipasua. Mpwa wetu Salma, mkemia, asema shubiri ina viambata vya kutuliza uvimbe na kulinda chembe za mwili. Jana nilijipaka utomvu wake, nikanawa upesi, kisha, kwa kuwa ndimi mkubwa hapa Kibokoni, nikawachambulia wote nyama katika sinia la biriani.

Shemeji yetu Athumani akatema. "Shubiri! Mama aliniachisha ziwa kwa uchungu huu huu. Nawe, shemeji, wataka kuniachisha biriani?"

Uvimbe umepungua, na heshima yangu pia. Leo nyama kaichambua Athumani. Nikiamua baina ya kisu na shubiri, nitakuandikia. Mungu akulindie magoti yako.

Dadako, Rukia